Fritz Müller, mtazamaji wa kaa

Fritz Müller alizaliwa tarehe 31 Machi 1822 katika kijiji cha Windischholzhausen, karibu na mji wa Erfurt, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Waprotestanti. Mtoto alipokua, akawekwa kwa muuza dawa ili ajifunze kazi ya kupima na kuchanganya. Hakukaa sana. Moyo wake ulipenda viumbe wenye uhai kuliko chupa na mizani. Akaenda kusoma katika chuo kikuu cha Berlin, na mwaka 1844 akapata cheo cha udaktari wa elimu kwa maandiko yake juu ya ruba, wale wanyama wadogo wa majini wanaonyonya damu.

Kisha akataka kuwa mganga. Akasoma uganga huko Greifswald, mji ulio karibu na bahari, akamaliza masomo mwaka 1849. Likabaki jambo moja tu, nalo ni kiapo. Katika nchi ya Prussia siku zile, kila mganga mpya alipaswa kuapa kwa Mungu na kwa Injili yake takatifu. Fritz Müller alikuwa ameiacha imani ya baba yake. Ni jambo la huzuni, maana alikuwa mtu wa akili nyingi. Lakini tazameni alivyofanya. Angeweza kuinua mkono, kuyatamka maneno yale bila kuyasadiki, na kurudi nyumbani na hati yake. Nani angalijua? Hakukubali. Aliona kwamba kuapa kwa neno usilolisadiki ni kusema uwongo. Akawaandikia wakuu, akaomba kiapo cha namna nyingine. Wakakataa. Basi alijua uganga, lakini hakuwa na ruhusa ya kuufanya kazi. Mkristo anayeapa ovyo sokoni kwa sababu ya bei ya samaki anaweza kufikiri kidogo hapa.

Tena, mwaka 1848 watu wengi wa Ujerumani walikuwa wamesimama kudai uhuru katika utawala, na Müller alikuwa upande wao. Walishindwa. Kijana yule akaona kwamba katika nchi yake milango imefungwa.

Siku zile Mjerumani mmoja, Hermann Blumenau, alikuwa ameanzisha kijiji cha wahamiaji katika msitu wa Brazili ya kusini, kando ya mto Itajaí, katika jimbo la Santa Catarina. Kijiji kilianza mwaka 1850. Mwaka 1852 Fritz Müller alipanda meli pamoja na mke wake Caroline na mtoto wao, na ndugu yake August na mkewe. Wakavuka bahari kuu, wakafika Blumenau. Hapo daktari wa elimu akashika shoka. Akakata miti, akachoma majani, akajenga nyumba ya miti, akalima. Mikono iliyozoea kalamu ikaota sugu. Akaacha kuvaa viatu, akazoea kwenda miguu mitupu msituni, na desturi hiyo hakuiacha hata uzeeni. Waliokuja kumtafuta bwana mkubwa wa elimu walimkuta mzee mwenye ndevu, miguu mitupu, fimbo mkononi.

Mwaka 1856 akaitwa kufundisha hesabu katika shule ya serikali huko Desterro, mji mkuu wa jimbo, ulio katika kisiwa cha Santa Catarina. Jina la mji ule lilikuwa kwa heshima ya Bikira Maria alipokimbilia Misri pamoja na Mtoto Yesu. Tangu mwaka 1894 mji unaitwa Florianópolis. Müller akapata nyumba karibu na pwani. Asubuhi alifundisha hesabu. Saa zilizobaki alikuwa majini.

Mwaka 1861 kikamfikia kitabu cha Mwingereza Charles Darwin juu ya asili ya aina za viumbe. Kitabu kile kilikuwa kimetoka mwaka 1859, na katika Ulaya wataalamu waligombana kwa ajili yake. Wengi walibishana kwa maneno tu. Müller akasema moyoni: afadhali kuchukua wanyama wa jamii moja, kuwachunguza mmoja mmoja, na kuona kama mambo yanapatana na kitabu au hayapatani. Jamii aliyoichagua ni ile ya kaa na kamba, wanyama wenye gamba gumu na miguu ya viungo.

Watoto wa Uvira, wa Kalemie na wa Moba wanamjua kaa. Hukaa chini ya mawe ziwani, na anayemshika vibaya hupata dawa yake. Lakini kaa wa baharini wana makabila mengi kuliko wa maziwa na mito, na kila kabila lina desturi zake. Müller alimwona kaa mmoja anayepanda mikoko mpaka kwenye matawi, akila majani. Akachungulia jinsi anavyopumua nje ya maji: akaona kwamba huinua gamba lake kidogo upande wa nyuma ili hewa iingie. Akaona pia vidudu vidogo sana vya jamii hiyo ambavyo madume yake ni ya namna mbili, moja yenye magando makubwa ya kukamatia, nyingine yenye nywele nyingi za kunusia, wala hakuna dume wa katikati. Akavuta wavu mwembamba baharini, akapata mtoto wa kamba, mdogo kabisa, mwenye jozi tatu tu za miguu, na anafanana na watoto wa wanyama wengine walio duni sana katika jamii ile. Hakuna mtu aliyekuwa amelijua jambo hilo kwa kamba wa namna ile. Hayo yote akayaandika katika kitabu kidogo, kikapigwa chapa Leipzig mwaka 1864. Darwin akakisoma, akafurahi sana. Mwaka 1865 akamwandikia barua. Mwaka 1869 kitabu kikatoka kwa Kiingereza, na Darwin ndiye aliyetaka kitafsiriwe.

Tangu hapo barua zilikwenda na kurudi kati ya Uingereza na Brazili kwa miaka 17, mpaka kifo cha Darwin mwaka 1882. Watu hao wawili hawakuonana hata siku moja. Darwin alizoea kuuliza, na Müller alitoka nje kutazama.

Basi katika barua hizo Müller alimpasha Darwin habari za kaa mmoja wa pwani ya Brazili. Ni wa jamii ya kaa wadogo wanaochimba mashimo katika matope, mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa. Jike ana magando mawili madogo, sawasawa. Dume ana gando moja dogo la kulia chakula, na jingine kubwa mno. Katika makabila mengine ya jamii hiyo gando hilo hufika karibu nusu ya uzito wa mwili wote. Maji yanapopwa, kaa hutoka mashimoni kwa mamia. Dume husimama mlangoni kwake akapunga gando lake juu na chini, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Jamii hiyo ipo pia katika mikoko ya Banana na Muanda, pale mto Kongo unapoingia baharini, na katika pwani ya Afrika ya mashariki. Aliyesafiri huko labda amewaona, akacheka.

Müller hakucheka tu. Alitazama rangi. Jike wa kaa yule alikuwa na rangi moja karibu mwili mzima, kijivu cha kuelekea udongo. Lakini dume! Sehemu ya nyuma ya mgongo wake ilikuwa nyeupe safi, na sehemu ya mbele rangi ya majani mabichi yaliyokolea, ikiingia polepole katika rangi ya kahawia nzito. Tena rangi hizo hazikukaa. Kwa dakika chache tu nyeupe iliweza kuwa kijivu chafu, hata nyeusi, na kijani kikafifia. Akaona tena kwamba madume wadogo hawana uzuri huo: huupata wanapokuwa wazima. Akaona kwamba madume ni wengi kuliko majike.

Kwa nini wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamejua? Sababu ni rahisi. Wengi wao waliwajua kaa wa nchi za joto kwa kuwaona katika chupa, wamekufa, ndani ya pombe kali. Na kaa akikaa katika pombe rangi zake huharibika. Mwenye kaa mia katika chupa hawezi kuona kitu ambacho kinadumu dakika tano tu juu ya matope. Ilimpasa mtu akae pale pale, miguu ndani ya tope, asitikisike, maana kaa wakiona kivuli tu hukimbilia mashimoni. Mtu asiye na subira anaona mashimo matupu.

Darwin akaziweka habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1871, akataja jina la Müller. Akafikiri kwamba yaelekea dume amepambwa hivyo ili kumvuta jike. Lakini hapo palikuwa na shida, na shida hiyo haikuwa ndogo. Rangi inaweza kuwa ishara kwa yule tu anayeiona. Je, kaa anaona rangi? Na hata akiona, je, anaijali? Kumtazama kaa akigeuka rangi ni jambo moja. Kujua kwamba kaa mwenzake amesoma neno katika rangi ile ni jambo jingine. Müller aliandika aliyoyaona kwa macho yake. Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia.

Kwanza wataalamu waliofuata waliifahamu njia ya rangi yenyewe. Katika ngozi ya kaa, chini ya gamba, mna vijifuko vidogo vyenye matawi kama mizizi, na ndani yake mna chembe za rangi: nyeusi, nyekundu, nyeupe, manjano. Chembe zikienea katika matawi yote, rangi yao huonekana. Zikijikusanya katikati kama tone, rangi hiyo hufifia, na ile ya jirani yake hujitokeza. Amri hutoka katika vijiti vinavyobeba macho ya kaa. Humo mnatengenezwa maji fulani yanayoingia katika damu na kuwaambia vijifuko vifunguke au vifungwe. Ndiyo sababu kaa anaweza kubadilika upesi bila kuvua gamba lake.

Halafu ikaja kazi ya kuuliza kama wenzake wanaelewa. Kazi kubwa ilifanywa Australia, na matokeo yake yakatoka miaka ya 2006 na 2007. Katika kabila moja la kaa hao, madume wana gando la manjano. Wataalamu wakapaka magando rangi, mengine ya manjano, mengine ya namna nyingine, kisha wakawaacha majike wachague. Majike wakaenda zaidi kwa manjano. Katika kabila jingine, kila jike ana madoa yake mgongoni. Dume humwacha kwa amani jike anayekaa jirani yake, lakini jike mgeni hatendewi hivyo. Wataalamu wakabadilisha kwa rangi mgongo wa jirani. Dume akamtendea kama mgeni. Kumbe alikuwa akimjua kwa rangi za mgongo, kama vile sisi tunavyomjua mtu kwa uso wake. Wakaona pia kwamba mahali penye ndege wengi wanaokula kaa, kaa hufifisha rangi zao. Maana rangi inayomwita mchumba humwita na ndege pia. Kaa anayejipamba yumo hatarini kila siku, na anayejificha sana hapati mwenzi. Hiyo ndiyo mizani anayoishi nayo mnyama mdogo kama kidole gumba.

Müller hakuishi kuyaona hayo. Turudi kwake.

Siku hizo shule ya Desterro ilikuwa imetolewa mikononi mwa mapadri Wayezuiti, na yeye akakosa darasa lake. Mwaka 1867 akarudi mtoni Itajaí, serikali ya jimbo ikamlipa kwa kuchunguza mimea na wanyama wa nchi. Bahari ikawa mbali. Hakukaa kulia bahari: akageukia maua, nyuki na vipepeo. Mdogo wake Hermann alikuwa mwalimu huko Lippstadt, Ujerumani, naye alikuwa bingwa wa habari za maua na wadudu wanaoyatembelea. Ndugu hao waliandikiana daima, huyu akitazama maua ya baridi, yule maua ya joto.

Katika vipepeo akakuta tena jambo la rangi, lakini la namna nyingine. Kuna vipepeo ambao ndege hawawataki kwa sababu ya utamu wao mbaya. Huvaa rangi kali zinazoonekana mbali, kana kwamba wanatangaza ubaya wao. Müller akaona kwamba mara nyingi kabila mbili za vipepeo kama hao, zisizo na udugu wa karibu, zimevaa rangi moja. Kwa nini? Kama kila kabila lina kinga yake, lina haja gani ya kumwiga mwenzake? Hapo mwalimu wa hesabu akamsaidia mtazamaji. Alifanya hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kuifuata.

Tuseme kabila la kwanza lina vipepeo 10,000, na la pili 2,000. Ndege wachanga hawazaliwi na maarifa: ni lazima waonje vipepeo 1,200 wa rangi fulani kabla hawajajua wote kwamba rangi ile ni chungu. Kama rangi ni mbili, kila kabila litapoteza 1,200. Hasara hiyo ni kubwa mno kwa kabila dogo. Lakini kama rangi ni moja, 1,200 hao watagawanywa: 1,000 kutoka kabila kubwa, na 200 kutoka kabila dogo. Kabila kubwa limeokoa 200, kabila dogo limeokoa 1,000. Wote wamepata faida, ingawa mdogo amepata zaidi. Habari hiyo aliitoa miaka ya 1878 na 1879, na mpaka leo wataalamu wa dunia nzima huiita kwa jina la Müller.

Kazi hiyo yote aliifanya mbali na vyuo, katika nyumba ya msituni, akiwa na mke na mabinti wengi wa kulisha. Tangu mwaka 1876 jumba la elimu la Rio de Janeiro lilimpa mshahara kama mtaalamu wa kusafiri. Vyuo vikuu vya Bonn na Tübingen vikampa udaktari wa heshima. Hakuna aliyemwomba kuapa.

Mwaka 1880 mto Itajaí ulifurika vibaya. Maji yakapanda usiku, yakaingia nyumbani, na Müller na watu wake wakaokoka kwa shida. Habari zikafika Uingereza. Darwin akawa na hofu kwamba rafiki yake amepoteza vitabu na vyombo vyake vya kazi, akataka kumtumia fedha za kununua vingine. Müller akamshukuru kwa moyo wote, wala hakuzipokea. Darwin alimheshimu hivi kwamba alimhesabu kuwa mkuu wa watazamaji wote. Na Darwin hakuwa mtu wa kutoa sifa za bure.

Mwaka 1889 ufalme wa Brazili ulianguka, ikaja jamhuri. Mwaka 1891 wakuu wapya walimtaka mzee ahamie Rio de Janeiro, akae karibu na jumba la elimu. Alikuwa na umri wa miaka 69. Viumbe aliowachunguza walikuwa mtoni na msituni, si katika barabara za mji mkuu. Akakataa, akaachishwa kazi. Mara ya pili katika maisha yake alipoteza mkate wake kwa kutokubali neno aliloliona si sawa. Hakubadilika. Akaendelea kutoka asubuhi miguu mitupu, akachukua maua na wadudu, akachora, akaandika.

Alikufa Blumenau tarehe 21 Mei 1897, akiwa na miaka 75. Kijiji alichokiingia na shoka kimekuwa mji mkubwa. Nyumba yake imetunzwa kama jumba la elimu ya viumbe, na watoto wa shule hupelekwa huko kutazama.